Mbegu Tano za Kuanzia

Watu wengi wa mtaa wetu wa Mabatini walidhani yule mzee anachezesha mpira. Wakitusikia tunamwita Mwamuzi, walilitazama lile tumbo na ile miguu iliyokuwa inavimba jioni, wakacheka: huyu naye anakimbia uwanjani? Hakukimbia popote. Alikuwa mtu wa mezani, na meza yenyewe ilikuwa kwenye kibaraza cha nyumba yake, jirani kabisa na cherehani yangu. Pale, kila Jumapili mchana, watu wakishatoka kanisani na kula, alituchukua akatupeleka kwenye nchi isiyokuwepo, akaturudisha kabla ya giza ili tuwahi kupika.

Mimi ni fundi wa nguo, tena fundi mwenye mdomo, wateja wangu wanajua. Juu ya huyu mzee nimekaa kimya muda mrefu. Ila mwaka huu, kwenye msiba wake, nilisikia watu wakimtaja, na wote walikumbuka jambo moja tu: kwamba ndiye yule aliyemnyima binti yake mgonjwa mbegu za pamba. Basi, maisha yote ya mtu yakaishia hapo. Ni kweli alimnyima. Nilikuwepo, na roho inaniuma mpaka leo. Lakini waliokuwa wanasimulia hawakuwahi kukaa kwenye meza ile, na asiyeujua mchezo hawezi kujua yule binti alinyimwa nini.

Mchezo ulikuwa hivi. Mnakaa wanne au watano. Kila mmoja anachagua atakuwa nani: mvuvi, mchungaji, mhunzi, mganga, mchuuzi au manju, yaani yule anayetunga nyimbo na kuziongoza kwenye ngoma. Mwamuzi hana mtu wake. Yeye ndiye nchi, ndiye mvua, ndiye mamba, ndiye mtemi mwenye hila. Anakueleza mahali ulipo, anakuuliza unafanya nini, unamjibu. Ukitaka jambo jepesi, linakuwa. Ukitaka jambo gumu, unatupa kauri mezani, na namna zilivyolala ndiyo jibu lako. Nguvu zako ni mbegu za pamba ndani ya kopo. Ukijeruhiwa anazipunguza, ukishinda anaziongeza, na kadiri kopo linavyojaa ndivyo mtu wako anavyoweza mambo makubwa. Kopo likiwa tupu, umekufa. Ukifa unachagua mtu mwingine na kuanza upya na mbegu tano. Kila mtu alianza na mbegu tano, awe mgeni wa leo au mwenyeji wa meza ile.

Utaniuliza, watu wazima na akili zao wanachezea kauri? Ndiyo, tulichezea. Ilikuwa miaka ya kupunguzwa kazi. Kila nyumba ilikuwa na mtu mzima aliyeamka asubuhi, akanyoa ndevu, akavaa shati, kisha akakosa pa kwenda. Mezani petu alikuwepo karani wa zamani wa reli, mtu mpole, ambaye alikuwa mchungaji tangu siku ya kwanza na hakubadilika. Alikuwepo mama mmoja muuza mapanki, yale mabaki ya sangara yanayobaki viwandani minofu ikishaondoka, mwanamke mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Nilikuwepo mimi. Wengine walikuja na kuondoka.

Mwamuzi aliupata mchezo kwa mzungu mmoja kijana, fundi wa mashine za kuchambua pamba, aliyekuja kujitolea akapangishwa nyumba jirani naye kule kwenye kiwanda cha ushirika alikofanya kazi. Jioni hawakuwa na la kufanya. Mzungu alikuwa na kitabu chenye picha za watu waliovaa chuma kuanzia utosini mpaka unyayoni. Mwamuzi aliupenda mchezo, lakini watu wake hakuwataka.

"Joto hili la Mwanza, mtu avae sufuria?" alituambia. "Halafu ukiangalia, kuna mtu anaanza tayari ana upanga, ana farasi, ana mtumishi. Mwenzake anaanza na fimbo. Sasa hawa nani kawapanga?"

Kwa hiyo mzungu alipoondoka na kitabu chake, yeye akawapanga upya. Kazi hiyo ilimchukua miaka, na usidhani ni kazi ya kitoto. Alikaa na kila mtu wake akimpima. Mchungaji alimpa mwanzo mzuri, maana kijana aliyezoea kulala porini na ng'ombe haogopi kitu, ila hakumwachia akue sana. Hata kopo likijaa, mchungaji anabaki yule yule, misuli imeongezeka tu. Mganga wa mwanzo hajui hata dawa ya kikohozi, lakini akidumu anaongea na waliokufa. Mhunzi hafai njiani ila mkifika mahali mkakaa, mtamshukuru. Na manju ndiye aliyekuwa dhaifu kuliko wote. Mkono wake hauwezi mkuki, miguu si ya mbio, nyimbo zake za mwanzo zinachekesha watoto tu. Lakini kopo la manju likijaa anapata wimbo wa kusimamisha ziwa. Maji yanasimama, upepo unasimama, jeshi linasimama mguu mmoja juu, na kila kitu kinangoja mpaka yeye anyamaze. Hakuna kati yetu aliyewahi kuufikia wimbo huo. Kila aliyechagua manju alikufa mapema, akahamia kwa mchungaji.

Aliyemsumbua zaidi ni mchuuzi. Miaka ile nani hakutaka kuwa mchuuzi? Muuza mapanki alimchukua mchuuzi akamfanyia vituko. Siku moja tulizingirwa na mamba wa kale kwenye mlango wa mto, mamba mwenye akili, anayeongea. Sisi wote tumeshika silaha. Yule mama akasema, "Ngoja kwanza. Mwulize huyu mamba, chumvi ananunua wapi?" Mwamuzi akaduwaa. Mama akaendelea: nyama anayokula siku zote haina chumvi, yeye anayo, aonje kidogo bure. Kauri zikatupwa, zikamkubali. Mamba akanunua chumvi na kutuvusha mgongoni. Tulicheka mpaka watu wakatoka majumbani kuangalia kuna nini. Jumapili iliyofuata Mwamuzi alikuja na sheria mpya: mchuuzi anaanza na kikapu kitupu.

"Kitupu kabisa?" mama akauliza.

"Kikapu na mdomo wake. Basi."

"Na bado mbegu tano?"

"Tano. Mtu akianza na nguvu hana safari. Ataenda wapi, wakati ameshafika?"

Hapo muuza mapanki akaegemea nyuma, akamwangalia. "Mwamuzi, nakuheshimu, wewe ni mkubwa wangu. Lakini maneno hayo ya kuanza na kidogo yanasemwa na mtu aliyekuwa na mshahara. Mimi nilianza na kidogo na mpaka leo ninacho hicho hicho kidogo. Hiyo safari yako ndefu mimi sijaiona."

Mwamuzi alimimina chai, akamwongezea mama sukari, na tukaendelea. Lakini nilimwona wiki nzima akipita mbele ya cherehani yangu ananong'ona peke yake, kama anayefanya hesabu, na Jumapili alirudi na jibu: tano ni tano, ila aliyekufa kwa ajili ya mwenzake ataanza na sita. Mama akapiga makofi ya dhihaka. "Ongezeko hilo!" akasema. Na Mwamuzi mwenyewe akacheka, kicheko chake kile cha kutikisa tumbo bila sauti.

Sasa kwa nini aling'ang'ania? Lazima ujue kazi aliyokuwa anafanya. Alikuwa mpanga madaraja ya pamba kwenye chama cha ushirika. Mkulima analeta mzigo, yeye anaingiza mkono mpaka katikati ya gunia, anatoa kiganja kimoja, anakivuta kwa vidole, anaangalia weupe, anatafuta majani na madoa, halafu anasema: safi, au fifi. Safi ilikuwa na bei yake na fifi bei yake, na kati ya maneno hayo mawili kulikuwa na ada ya shule ya mtoto wa mtu. Aliwahi kuletewa jogoo, asali, na mara moja mbuzi amefungwa utepe. Vyote alivirudisha. Ndugu yake wa tumbo moja alipoleta mzigo wenye unyevu na majani, alimwambia mbele ya foleni nzima kuwa ni fifi. Yule ndugu alikaa miaka hajakanyaga kwake. Mwamuzi alikisimulia kisa hicho mara nyingi, na kila mara alimalizia, "Mezani sina ndugu." Alijivunia, kwa kweli. Mimi nilikuwa najiuliza, na huyo ndugu yeye anakisimuliaje?

Mkono huo haukustaafu. Ukipita kumwamkia, "Shikamoo Mwamuzi," anaitika marahaba huku ameshakamata pindo la gauni lako kati ya dole gumba na shahada. "Hii ni fifi, fundi. Wamekuuzia nini?" Alipanga madaraja ya kila kitu. Mihogo, mahubiri, salamu. Padri mmoja mgeni alihubiri kwa haraka, Mwamuzi akanigeukia kanisani, uso umekunjamana, akatikisa kichwa, nikajua daraja lake.

Halafu soko likafunguliwa. Wakaja wanunuzi binafsi na malori yao, wakanunua safi na fifi kwenye gunia moja, bei moja, haraka haraka kabla mwenzao hajafika. Wakulima nao hawakuwa wajinga, wakaona hakuna anayeangalia, wakaanza kutia maji na mchanga gunia liwe zito. Ushirika ukayumba, wapangaji wa madaraja wakaambiwa wapumzike nyumbani. Siku moja alikwenda kwenye kituo cha wanunuzi, hakuna aliyemwita, akaingiza mkono kwenye gunia mbele ya watu, akatoa pamba yenye mchanga, akawaonyesha. "Hii ni nini? Semeni wenyewe, hii ni nini?" Wakamwambia, mzee, ondoka, unachelewesha gari. Alirudi kwa miguu. Alipita kwangu hakusalimia, na yeye salamu hakuwahi kuikosa.

Kwa hiyo meza ile ilikuwa ndiyo sehemu pekee iliyobaki ambapo neno lake lilikuwa neno. Ndiyo maana mbegu zilikuwa tano.

Usidhani alikuwa mtu mkavu. Mtu aliyechukia uongo vile, alipokuwa mtemi mwenye hila alidanganya kwa raha mpaka ukamwogopa. Aliwatukana wanunuzi binafsi kutwa, lakini makoti ya mitumba aliyapenda, alikuwa nayo ya kila rangi, akiniletea nimpanulie tumboni. Sherehe hakupenda, ila ukiumwa hukosi kumwona mlangoni na uji. Na aliwahi kulia mezani kwa sababu ya ndama. Karani wa reli alilazimika kumwacha ndama wake kwenye mafuriko, mchezoni, na Mwamuzi akiwa anaeleza jinsi ndama alivyolia sauti ikamkatika, akavua miwani, akasema tupumzike kidogo. Ndama wa maneno tu! Tulimtania mwezi mzima.

Binti yake alikuwa mmoja tu. Mama yake alishafariki. Alikuwa ameondoka kwenda Geita machimboni kufungua mgahawa, na mambo yalimwendea vizuri, alituma vitenge, alituma salamu. Kisha akarudi. Alishuka kwenye gari akiwa amejifunga kanga mbili kwenye jua kali, na mimi nilikuwa nimesimama na Mwamuzi, nikamwona baba mtu anavyomwangalia mikono. Wakati ule ugonjwa ule haukutajwa jina. Watu walisema anaumwa, halafu wakanyamaza, na wewe ukaelewa.

Aliniletea magauni yake nimpunguzie. Nilipunguza pande zote mbili. Baadaye akayarudisha, nikapunguza tena. Mara ya tatu kitambaa cha ndani kilikuwa kimekunjwa mpaka hakikunjiki, nikamwambia nitamshonea jipya kwa zawadi, akasema, "Dada, shona jembamba, ila uache pa kufumulia. Nitanenepa." Nikaacha pa kufumulia.

Jumapili ya kwanza alipopata nafuu alikuja mezani. Baba yake alimwekea mto kwenye kiti. Tulifurahi wote, alikuwa mchangamfu, mtani, alimwiga baba yake anavyopima pamba tukavunjika mbavu. Akaulizwa anataka kuwa nani.

"Manju," akasema.

Alikuwa akiimba kwaya tangu msichana, hatukushangaa. Mwamuzi akachukua kopo, akahesabu mbegu, akamsogezea. Binti akaziangalia. Hakuzigusa.

"Baba, naomba unijazie."

"Kila mtu anaanza na tano."

"Najua. Lakini mimi sina muda wa kuanza chini. Naomba niusikie huo wimbo wa kusimamisha ziwa hata siku moja. Nijazie leo, kesho uninyang'anye."

Karani wa reli akainamisha kichwa. Muuza mapanki akaanza kusema, "Mwamuzi, si mchezo tu jamani," na Mwamuzi akainua kiganja kumnyamazisha. Alitutazama mmoja mmoja. Nakumbuka alivyotutazama, sio yeye binti, sisi. Kisha akasema kwa ile sauti yake ya kituo cha kununulia pamba:

"Mezani sina ndugu. Tano."

Binti akacheka kidogo, akavuta kopo. "Haya, Baba. Tano."

Muuza mapanki aliondoka siku hiyo bila kuaga. Alipofika barabarani akageuka akapiga kelele, majirani wote wakasikia: "Wewe ni baba au ni mzani?" Na mimi sikumtetea. Nilikuwa nimekasirika mpaka nilitoboa kidole kwa sindano jioni ile, mimi, fundi wa miaka yote hiyo. Kopo la mbegu za pamba! Mbegu zilikuwa gunia zima chumbani kwake, panya wanakula.

Binti aliendelea kuja, siku alizoweza. Manju wake aliimba nyimbo zake dhaifu, akachekesha watoto wa adui. Akapata mbegu moja, akapata nyingine. Tulikuwa tunamzunguka sisi wote mchezoni, tunampokea mikuki yeye asiguswe, na Mwamuzi aliona na hakusema kitu. Kisha tukafika kwenye vinamasi, kauri zikakaa vibaya, mara mbili mfululizo, na manju akazama. Mwamuzi alizitazama zile kauri muda mrefu. Tulikuwa tunaomba kimoyomoyo aseme zirudiwe. Angesema tu meza imetikisika, nani angebisha? Alisema, "Amekufa."

"Haya," binti akasema. "Nichague mwingine. Nachagua manju." Na akanyoosha kopo tupu kwa baba yake, akapewa tano.

Huyo wa pili hakufika mbali. Jumapili moja binti hakuweza kutoka ndani, tukahamishia meza karibu na dirisha lake, akawa anajibu akiwa amelala, sauti ndogo, mimi narudia kwa wengine. "Anasema anaimba." "Anasema anawafuata nyuma." Jumapili iliyofuata hatukucheza. Alifariki wakati wa mvua za kupandia, na gauni nililomshonea ndilo alilozikwa nalo, nikiwa nimelibana kwa pini mgongoni, maana lilikuwa kubwa.

Msibani Mwamuzi alipokea watu vizuri, alihakikisha kila aliyetoka mbali amekula. Hakulia tukamwona. Watu wakalisema hilo pia. Tulipomaliza matanga akauza nyumba, akahama mji, akaenda kwa ndugu za marehemu mke wake. Mimi niliaga kwa mkono mmoja tu. Nilikuwa bado nina hasira, na kaburi la binti lilikuwa bado udongo mbichi.

Ilipita miaka ndipo nikamwona. Nilikuwa nakwenda Sengerema kupeleka sare za kwaya, nikafika kivuko cha Kigongo nikakuta feri imeondoka. Palikuwa na wasafiri wengi wamekaa kwenye mizigo yao, na pembeni, kwenye kibanda cha nyasi na mabati, kulikuwa na kundi linacheka. Nikasogea. Alikuwa yeye. Amekonda, tumbo lote limekwisha, koti la mitumba linamning'inia. Alikuwa analinda mizigo ya wanaosubiri feri, na wakati wakisubiri aliwachezesha. Mbele yake alikaa mama mmoja mwenye ndoo ya dagaa na dereva wa lori. Nilipoangalia makopo yao nilidhani sijaona sawasawa. Yalikuwa yamejaa mpaka mbegu zinadondoka.

"Shikamoo Mwamuzi."

Alinyanyua uso, akanitambua. "Marahaba, fundi." Hakukamata pindo la nguo yangu. Alinisogezea kigoda. "Kaa. Unataka kuwa nani?"

"Makopo yamejaa, Mwamuzi."

"Hapa nimebadilisha. Feri inakuja sasa hivi. Nani hapa ana muda wa kuanza chini?"

Nilikaa. Wale wawili walimaliza mchezo wao kwa makelele, mama wa dagaa aligeuza mlima kuwa ugali, wakaenda kupanga mizigo. Tukabaki wawili. Akawa anakusanya mbegu moja moja.

"Ulikaa naye sana siku zile za mwisho," akasema. "Unampima nguo. Alikwambia neno lolote juu yangu?"

Alikuwa ameniambia. Na aliniambia nisimwambie baba yake mpaka yeye binti awe ameondoka, na alipoondoka, baba naye akaondoka. Nilikuwa nimelibeba miaka yote, na nilifurahi, jamani, nilifurahi kwamba nina kitu cha kumpa.

"Alisema siku ile alikuwa anakujaribu," nikamwambia. "Alisema: kama Baba angenijazia kopo, ningejua ameshanihesabu marehemu. Aliponikatalia nilifurahi, nikalala usingizi mzuri. Baba yangu hadanganyi mezani. Kama amesema nianze na tano, basi ameona bado nina njia ndefu."

Nilimtazama nikisubiri uso ufunguke. Haukufunguka. Alikaa mkono ndani ya kopo, na nilisikia anavuta pumzi kama anapandisha mzigo.

"Siyo hivyo," akasema.

"Mwamuzi, ndiyo maneno yake, naapa."

"Maneno ni yake, nakubali. Lakini mimi sikuona njia ndefu. Niliona siku ile aliyoshuka kwenye gari. Nilijua hafiki mwakani. Nilipomkatalia nilijua." Akatoa mkono koponi. "Niliwaangalia ninyi. Mlikuwa mnanitazama wote. Nikaogopa mtasema nimempendelea mwanangu. Ni hilo tu, fundi. Hakuna kingine."

Ningeweza kumwambia tusingesema. Na kweli tusingesema, hakuna hata mmoja wetu. Lakini alikuwa analijua hilo vizuri kuliko mimi, na ndilo lililokuwa limemla. Kwa hiyo nililia tu, hadharani, watu wanapita na magunia.

Feri ilipotia nanga alinisaidia kuinua mzigo wa sare. Akaniuliza kama bado napita makaburini kule Mabatini. Nikamwambia napita, napalilia, kila nikipata nafasi.

"Ukipita," akasema, "usimwambie nilichokwambia. Mwache na lile lake."

Nimepita mara nyingi tangu siku ile. Nang'oa majani, namsalimia, nampa habari za mtaani, nani kaolewa, nani kahama. Nilipotoka kumzika baba yake nilipita pia. Sijamwambia.